Jani la Isale na Mkataba wa Kabatini

Kumrudisha baba kazini kulitugharimu jogoo mmoja, mkungu wa ndizi na siku tisa za kulala sakafuni, magodoro yamefungwa kamba. Nimehesabu mara mbili; sijazidisha.

Sisi tuliokulia kambini, kwenye mashamba ya miwa chini ya Moshi, hatukuwa na saa. King'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha, kikatupeleka shule, kikatuita kwenye makande. Miwa ikichomwa, masizi yalidondokea sare zilizoanikwa, na mwalimu akatuchapa sisi kwa uchafu wa kiwanda. Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukapasuka, na hakuna aliyeuliza chaja iko wapi.

Baba, mtu wa Kigoma, alifukuzwa kwa kuuliza viatu vya kazi vitakuja lini. Nyumba ilikuwa ya kiwanda. Tukapewa siku kumi tuhame. Mama, mzaliwa wa Masama, hakulia. Alichuma jani la isale, akalipiga fundo.

"Baba Neema, mpelekee meneja. Kwetu ukiletewa hili, hata kama ulishashika panga, unasamehe."

Meneja alikuwa mtu wa Mwanza. Alishukuru sana kwa ua, akalitia kwenye glasi ya maji mezani. Barua ya kufukuzwa ikabaki palepale.

Siku ya tisa, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi akatuletea mama mmoja kutoka ofisi ya shirikisho, mjini. Tukamchinjia jogoo. Hakugusa hata mchuzi.

"Shemeji, ulisikilizwa kabla ya kufukuzwa?"

"Nilipeleka jani."

"Jani nimeliona mezani kwa meneja, limeshaota mizizi. Nauliza mkataba."

Mkataba wa hali bora, kati ya chama na kiwanda, ulikuwepo! Ulikuwa kwenye kabati la tawi, ndani ya mfuko wa sukari, umetunzwa vizuri mno hata hakuna aliyewahi kuusoma. Akausoma yeye, kwa sauti: mfanyakazi hafukuzwi bila kusikilizwa. Akaingia nao kwa meneja, akatoka kabla ya king'ora cha mchana.

"Kesho zamu ya asubuhi," akamwambia baba. "Na viatu unavaa namba ngapi?"

Mama alifungua zile kamba huku anacheka peke yake. Jogoo alikuwa amepoa, na sijawahi kula nyama tamu kama ile. Mkungu wa ndizi yule mama aliukataa mara mbili. Ya tatu akafungua buti la gari.

Leo nauza ndizi sokoni Kwa Sadala, na mteja akinibana bei huwa namkumbuka yule mama. Binti yangu anafanya kazi saluni Njoro, mwaka wa tatu sasa, mimba ya miezi minne, hana hata karatasi. "Mama, bosi ni besti yangu, mkataba wa nini?" Sisi tulikuwa na mkataba hatuusomi, wao wanasoma kila kitu kwenye simu, mkataba hawana.

Wenzangu wa kambini, nishaurini: nimbembeleze mpaka adai mwenyewe, au niende mimi kwa huyo besti?