Saa ya Mashine ya Rigamoto

Rigamoto alipigana ndondi mpaka sikio lake la kushoto likakunjamana kama kipande cha tangawizi. Alipoacha ulingo akaja kukereza vyuma katika karakana yetu ya meli, Walu Bay, Suva. Sisi Warotuma wa pale, tuliotoka kisiwa cha Rotuma, tulijivunia kuwa naye, maana hakuna aliyekata nyuzi za skrubu kama yeye.

Nyuzi hazikatwi mara moja. Chuma kinazunguka, kisu kinapita kikichimba kidogo, unakirudisha, unakipitisha tena katika mfereji uleule. Wakati wa kukiachia unaonyeshwa na kisahani chenye namba ubavuni mwa mashine. Sisi tulikiita saa. Namba yako ikifika kwenye alama, unabana mkono wa chuma, kisu kinaingia mfereji uleule. Ukibana pasipo namba yako, kisu kinapasua nyuzi ulizokwisha kata na kazi imekufa. Mbele ya saa ile Rigamoto alikuwa mpole, hata pumzi aliivuta taratibu.

Upole huo hakuufikisha nyumbani. Alimpiga mkewe, Akata, kwa sababu ya chai iliyopoa; alimpiga kwa sababu alicheka kanisani. Mtaa mzima ulisikia, na mtaa mzima ulifunga madirisha.

Mdogo wake Akata, Jioje, alikuwa mkereza pia, na mashine yake ilitazamana na ya shemeji yake. Walikuwa wakitaniana kutwa.

"Shemeji, hilo sikio ulitafunwa na nani?"

"Sogea nikutengenezee la kwako, acha wivu."

Kisha ikaja asubuhi ambayo Jioje hakutania. Alitokea hospitali. Akata alikuwa amelazwa huko, mbavu zimevunjika, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Jioje alivaa ovaroli yake, akawasha mashine, asimsalimie mtu.

Siku hiyo Rigamoto alikuwa akimalizia shafti ya rafadha ya meli ya kuvulia jodari. King'ora cha chai kilipolia alisimamisha mashine akatoka nje kula muhogo wake. Jioje hakutoka. Alichukua spana, akalegeza nati inayoshika ile saa ya shemeji yake, akaiacha spana sakafuni, akaenda kujimiminia chai kama kawaida.

Tuliporudi, Rigamoto akawasha, akasubiri namba yake, akabana. Kisu kililia kilio ambacho kila mkereza anakijua. Alipozima, nyuzi zote za mwisho wa shafti zilikuwa zimechanika kama mdomo uliopigwa ngumi. Akaigusa saa kwa kidole. Ikazunguka ovyo, haijashika kitu.

"Nani kashika saa yangu?"

"Mimi, shemeji," Jioje akasema. "Wewe unavunja cha kwetu, nami nimevunja chako. Unaona inavyouma?"

Rigamoto akaizunguka mashine. Ngumi ya kwanza ilimpata Jioje tayani, na sote tukasikia mfupa ukikatika. Ya pili ilimtupa juu ya mapipa ya mafuta. Rigamoto akamkalia kifuani, akaendelea kumshindilia, damu ikimrukia usoni, huku akinguruma, "Sema tena! Sema tena cha kwenu!" Tulimrukia wengi, akatupangusa kama nzi, mwenzetu mmoja aling'oka meno mawili hapohapo. Jioje akapapasa sakafuni, akaipata ile spana. Mkono wa kulia wa Rigamoto ulikuwa umeshika ukingo wa mashine ili tusimkokote. Jioje akaushukia kwa nguvu zote zilizombakia. Akaurudia. Vidole vitatu vilipondeka, na bondia yule akalia kwa sauti nyembamba ambayo sikudhani anayo.

Mahakama ilimfunga Rigamoto. Jioje alionewa huruma, akaachiwa, taya limefungwa waya, akinywa uji kwa mrija. Akata alipopata nafuu alipanda meli akarudi kwao Rotuma.

Rigamoto alipotoka gerezani, vidole vile havikukunjika tena. Karakana ikampa ufagio. Mwishowe naye akapanda meli kwenda Rotuma kuomba msamaha. Nilifuatana naye pamoja na wazee wawili, maana mkosaji haendi peke yake. Tulifika kwa wakwe zake na mkeka mweupe na mzizi wa kava, ule unaopondwa kuwa kinywaji cha heshima, yeye amevikwa majani shingoni kama ishara ya kujisalimisha, akatambaa kwa magoti mpaka kizingitini. Mtu akija hivyo hakataliwi. Jioje, aliyekuwa likizo pale, alimvua majani yale kwa mkono wake.

"Basi, shemeji," akasema kupitia taya lake la upande. "La kwangu limekwisha."

Rigamoto akaanza kulia, akainua macho kumtafuta mkewe. Akata alitokea jikoni, panga la kumenyea magimbi mkononi, jicho lile limebaki dogo kuliko mwenzake.

"Mdogo wangu amesamehe taya lake," akasema. "Mbavu ni zangu. Kunywa kava, wape mkono wazee, kisha uondoke. Ukivuka hapa nilipo, nakukata."

Mama yake akamwita kwa ukali, maana alikuwa akivunja desturi. Akata hakugeuka, wala panga hakulishusha. Rigamoto alikunywa kava yake akikishika kifuu cha nazi kwa mkono wa kushoto, akatoka kinyumenyume mpaka barabarani.