Pacha wa Kamanda Kato

Babirye amekuwa pacha wa Kamanda Kato muda mrefu kuliko alivyowahi kuwa kitu kingine chochote. Amekuwa mkimbizi, amekuwa mfanya usafi, amekuwa mke wa mtu kwa kipindi kifupi asichopenda kukizungumzia, na hadi alipostaafu alikuwa mtunza wazee, akipanda ghorofa za Akalla, hapa Stockholm, kuwaogesha Waswidi waliokwisha kusahau majina ya watoto wao. Hayo hakuna aliyemuuliza. Akiingia kwenye sherehe yoyote, ya Waganda wenzake au ya sisi Watanzania, lazima mtu anong'one, "Huyo ni pacha wa Kamanda," na kiti kinapatikana hata kama ukumbi umefurika.

Na kiti hicho alikipenda, tusidanganyane. Alizoea kupakuliwa wa kwanza.

Kato aliongoza kikosi cha waasi katika vita vya msituni Uganda, miaka ya themanini. Aliwafukuza wilayani kwao askari waliokuwa wakiua watu na kuchoma nyumba, kisha akafa kitandani, mzee mwenye kisukari na medali. Waliookolewa naye walikuja na sifa zake hadi huku Stockholm. Mimi Dativa ni mtu wa Bukoba. Vita vya kabla ya hapo, vya Tanzania na Uganda, vilitupitia nikiwa msichana, kwa hiyo najua mtu anavyoweza kumpenda askari kwa sababu tu amemfukuza askari mwingine. Unampenda kabla hujamtazama mikono.

Barbara alimpenda Kato namna hiyo. Barbara anaishi jengo moja na Babirye, ghorofa mbili chini. Kaka yake, Matayo, alikuwa fundi redio aliyejiunga na kikosi cha Kato na hakurudi. Vita vilipokwisha, Kato mwenyewe alikwenda kwa mama yao, akamwambia kijana wake amekufa kishujaa, kwa risasi ya adui, na kwamba yeye ndiye aliyemzika. Mama yule alilipokea neno hilo akaliweka moyoni. Miaka ya mwisho ya maisha ya mama huyo, Barbara alimleta Stockholm, na kila Jumapili kanisani bibi alimwombea Kamanda kwa sauti, huku Babirye akiwa amekaa ubavuni pake.

Macho ya Babirye yalipoanza kufa, Barbara ndiye aliyekuwa macho yake. Alimtia dawa asubuhi, akamsomea barua za manispaa, akampikia, akamshika mkono barafuni. Babirye hana mtoto. Bila Barbara hana mtu, na sote tulilijua hilo.

Ndipo ikaja hiyo filamu. Kijana mmoja wa Kampala alitengeneza filamu kuhusu Kato, na mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki, Severin, akaamua tuitazame pamoja katika ukumbi wa kukodi pale Rinkeby. Sasa sisi tuna ugonjwa wetu. Hatuwezi kutazama kitu hivihivi, lazima kiwe na mgeni rasmi, meza kuu na hotuba. Mwenye akili angeitazama kwanza peke yake nyumbani. Severin akasema hapana, hakuna atakayeiona kabla ya mgeni rasmi, itakuwa utovu wa adabu. Basi Babirye, ndiye mgeni rasmi, akavishwa gomesi ya zambarau, vazi la heshima la kwao, akaketishwa meza kuu, na kwa saa nzima watu wakasimama mmoja mmoja kummwagia Kamanda sifa. Barbara naye alisimama. Alikuwa amepika ndizi na karanga za watu mia, mikono bado inanuka vitunguu, akasema, "Kaka yangu alikufa chini ya mtu huyo, na mimi naona fahari." Tukampigia makofi.

Taa zikazimwa. Nusu ya kwanza ilikuwa nzuri, Kato kijana wa sura ya kuvutia, kofia imeinama upande, akigawa mihogo kwa watoto. Watu walipiga vigelegele. Kisha kikosi kikazingirwa, Kato akaanza kuona wasaliti kila mahali, na akawapanga vijana wake saba nyuma ya ghala la kahawa. Mmoja alishtakiwa kwamba redio anazotengeneza anazitumia kuzungumza na adui. Kwenye filamu walimwita kwa jina lake kamili, na jina la kijiji chake, na la baba yake. Waliuawa kwa majembe ili risasi zisitumike bure. Yule wa redio alikuwa wa nne, na mtengeneza filamu hakutuhurumia, alituonyesha.

Hakuna aliyewasha taa. Nilisikia kiti cha Barbara kikisogea, nikasikia mlango. Filamu iliendelea hadi medali na mazishi, nasi tukaitazama yote kama watu waliofungwa kamba. Ilipokwisha Severin alisimama kutoa shukrani, akafungua mdomo, akaketi. Ile ndizi iliganda kwenye masufuria. Mgeni rasmi nilimrudisha Akalla mimi.

Wiki iliyofuata ndipo nilipowajua watu. Severin, aliyemlinganisha Kamanda na Musa wa Biblia nikiwa nimekaa pale pale, sasa alikuwa akiandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba siku zote alikuwa na wasiwasi na yule mtu. Wengine wakasema filamu ni uongo wa wazungu, ingawa aliyeitengeneza ni Mganda mtupu. Wengine wakasema vita ni vita, ungekuwa wewe ungefanya nini. Vijana ndio walionishangaza zaidi, maana walitoka pale wakimpenda Kato kuliko walivyoingia. Mwigizaji alikuwa mzuri, kofia ilikuwa nzuri, na sasa wanavaa kofia kama ile kwenye treni. Wale saba hakuna aliyewazungumzia. Nilikasirika mpaka nikajitoa kwenye kundi.

Barbara hakupanda zile ghorofa mbili. Asubuhi nilikwenda mimi kutia dawa ya macho, natoka Jordbro ninakoishi hadi Akalla, jiji zima. Babirye hakuulizia filamu hata siku moja. Alikaa jikoni akisikiliza lifti, na kila iliposimama aligeuza uso mlangoni.

Siku ya Jumapili Barbara alikuja. Hakuvua koti, hakukaa. Wawili hao miaka yote walizungumza Kiganda. Kiswahili Barbara alikichukia, aliniambia zamani kwamba kwao ni lugha ya askari, lugha iliyokuwa ikigonga milango. Siku hiyo alikizungumza, na nadhani si kwa sababu tu mimi nilikuwepo.

"Mimi nauliza wewe kitu moja," alisema. "Wewe ulijua?"

Babirye alianza mbali. "Kato aliporuka..."

Kwao pacha hasemwi kwamba amekufa. Husemwa ameruka, na hata msibani pacha haliliwi, kumlilia huleta balaa. Babirye hajawahi kumlilia Kato.

"Hakuruka," Barbara alisema. "Alikufa. Alikufa kwa kitanda, na shuka nyeupe. Matayo alikufa kwa jembe. Sasa jibu. Ulijua?"

Nilimwomba Mungu Babirye aseme hapana. Nasema wazi kwamba nilitaka adanganye. Neno moja tu, na Barbara angelia, tungelia wote, na kesho yake angepanda na chupa ya dawa. Macho yote mawili ya Babirye yalikuwa yakimtafuta Barbara mahali asipokuwepo, kushoto kidogo, karibu na friji.

"Alikuja kunitembelea hapa," alisema. "Alikaa kwenye hicho kiti. Alikunywa, akaniambia. Majina yote saba aliyataja. Akalia, akalala, asubuhi akaniomba chai kama kawaida."

"Mwaka gani?"

"Mama yako alikuwa bado hajafika."

Barbara alihesabu miaka. Niliona uso wake ulivyobadilika alipofika mwisho wa hesabu.

"Kwa hiyo pale kanisani," alisema taratibu, "mama yangu akisali, Mungu mbariki Kato aliyemzika mwanangu, kila Jumapili, mpaka anakufa. Na wewe umekaa kando yake. Umeshika mkono yake."

"Nilimshika."

"Ulikuwa unasema nini?"

Babirye alipapasa ukingo wa meza.

"Amina," alisema. "Nilikuwa nasema amina. Ningesema nini kingine, Barbara? Mngenitupa."

Barbara alimtazama. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alifunga vifungo vya koti, kile cha juu kikamshinda, akakiacha, akatoka akashuka kwa ngazi.

Hayo yalitokea majira ya baridi, na sasa miti imechipua. Severin na kamati yake hawajamtembelea Babirye, wana wageni rasmi wengine. Mimi bado nakwenda. Baadhi ya siku naingia nikiwa namhurumia, siku nyingine namtia ile dawa huku nimekunja uso, na bahati nzuri haoni. Ninamkatia nyama vipande vidogo, namwambia sahani iko wapi.

Kila ninapofungua mlango huwa amekwisha simama, mkono mmoja ukutani, amejaribu kujifunga kitambaa cha kichwa vizuri. Akitambua ni mimi anakaa.

"Barbara hajambo?" ananiuliza.

Namwambia hajambo, naweka maji jikoni.