Gari Lenye Honi Nzuri

Nilinunua gari la kizamani kwenye simu, kutoka mji wa Nampula, bila kuliona, na katika maswali yote niliyomwuliza muuzaji sikuuliza kama lina injini. Niliuliza honi. Niliuliza kiti cha mbele kimechanika au bado kizima. Niliuliza taa zake ni za mviringo kweli au picha inanidanganya. Muuzaji alinijibu yote kwa adabu, na sikumbuki kama alisema uongo hata mara moja.

Msinicheke upesi, sababu ninayo. Baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa nazi hapa mjini Mocímboa. Baadhi ya Ijumaa alikuja na gari la tajiri wake, jeupe kama maziwa, akatuzungusha hadi bandarini na kurudi. Dada yangu ndiye aliyekaa mbele. Mimi nyuma, nakula vumbi. Sasa dada yuko Pemba, si kile kisiwa, ule mji wetu wa huku. Tulikimbilia huko wote wakati wa vita. Mimi nikarudi, yeye akabaki. Kila nikimpigia namwambia chumba chake nimekifagia. Naye jibu lake ni moja: "Njoo unichukue na gari, nikae mbele kama zamani. Nitarudi."

Basi, nyumba ina vyumba vinne na mtu mmoja. Napika wali wa watu wawili kwa mazoea, wa jioni naumalizia asubuhi. Mtu wa namna hiyo akiona gari jeupe kwenye simu, haulizi injini.

Lilikuja juu ya lori. Dereva na utingo wake walilishusha kwa mbao, wakalisukuma hadi uani. Nikawaza: waungwana hawa, wananitunzia petroli. Kwetu kitu kipya hakiguswi kabla ya dua, kwa hiyo nilikuwa nimemwita mwalimu wa chuo cha Kurani na majirani. Ubani ukafukizwa, fatiha ikasomwa, mkate wa sinia ukaliwa. Sikuwa nimeona watu wengi hivyo uani kwangu tangu mazishi ya baba. Nilipiga honi, wakashangilia. Dereva wa lori alikula vipande vitatu, akaitikia amina kuwashinda wote, akaondoka.

Ndipo fundi mmoja kati ya waalikwa akafungua boneti.

"Mzee," akasema, "tumefukizia sanduku."

Mle pa injini mlikuwa na majani makavu na manyoya ya kuku. Nikamwandikia muuzaji palepale. Akajibu kwa Kireno: "Não perguntou, patrão." Hukuuliza, bosi. Kweli, sikuuliza. Wageni wakaaga mmoja mmoja, wamejikaza wasicheke mpaka wafike barabarani. Walipofika niliwasikia.

Siku hizi alasiri naingia garini, nakaa nyuma, mahali pangu pale pale, natazama kiti cha mbele. Hakijachanika. Dada nimemwambia gari liko kwa fundi. Juzi nikiwa humo alinipigia, akaniuliza ni la rangi gani. Nikamwambia. Akasema, "Sasa mbona huji?" Nikasema mtandao unakatika, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzima kabisa.

Jirani yangu, bibi anayeanika mihogo kando ya ua wangu, alikuwa amesikia kila kitu. Alitua ungo wake chini, akaja mpaka dirishani mwa gari, akanitazama nilivyokaa kule nyuma peke yangu.

"Mwanangu, chapa za Pemba, vile vibasi, zinapakia abiria pale sokoni kila asubuhi, na kiti cha mbele zinacho. Wewe hukukosa gari, unaogopa kutoka nyumbani tu. Nenda kamchukue dada yako, na hilo bati lako lisogeze, linaikingia jua mihogo yangu."