Nilihamisha Masale ya Jirani Ili Banda Langu la Kuku Lipitishwe

Jina langu lifichwe tafadhali, na la mtaa pia, maana kwetu gazeti likishasomwa linafungiwa maandazi na kusomwa upya.

Nina miaka arobaini na mbili, mama wa watoto wanne, naishi pembezoni mwa mji wa Moshi. Mdomo ninao, sikatai. Mume wangu hunitania kwamba nilizaliwa nikibisha. Kiwanda nilichofanyia kazi kilipobinafsishwa tulipunguzwa, nikarudi nyumbani na hasira zangu. Wanawake wenzangu walikuwa wameshaanza kufuga kuku wa mayai, nami nikasema sitakaa kutazama dari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilijenga kwanza, nikauliza baadaye. Fundi alinipigia banda zuri la mabanzi na wavu, sakafu ya saruji, na vifaranga nikawa nimeshaagiza. Ndipo bwana afya akaja na utepe wake. Akasifia sakafu, akasifia madirisha, halafu akapima kutoka ukuta wa banda hadi kwenye masale. Kwa msiozijua mila za Wachagga, masale, au isale likiwa moja, ni mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani, na hakuna mwenye akili zake anayeigusa jirani akiwa hayupo.

"Mama, banda linatakiwa liwe mita tatu kutoka mpaka wa jirani," akasema. "Hapa una mbili. Nakupa wiki mbili usogeze, la sivyo tunavunja."

Nisogeze nini jamani, saruji?

Ng'ambo ya masale anaishi bibi mmoja mjane, mtu wa Kilema, kule mlimani, miaka sabini na kitu. Ndiye aliyenipokea nilipoolewa hapa, na kila nilipojifungua aliniletea mtori wa ndizi kwa mikono yake. Siku hizo alikuwa amepanda Kilema kumuuguza dada yake. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha, udongo laini, kwake hakuna mtu. Mume wangu alikuwa kazini Bomang'ombe, kwetu huja Jumamosi. Nikachukua jembe. Niliyang'oa masale yote kumi na moja nikayapanda mita moja ndani ya kiwanja cha bibi wa watu. Mashimo ya zamani nikayafukia, juu nikamwaga maranda ya kuku. Masale hayana ubishi, ukiyachomeka kwenye mvua yanashika. Aliyekuja kupima mara ya pili alikuwa bwana afya mwingine, mgeni, akapima, akaandika kibali. Mume wangu hakuona kitu. Yule hata mapazia nikibadilisha haoni.

Bibi alirudi baada ya miezi miwili. Siku hiyo hiyo alisimama mpakani na mkongojo wake.

"Mwanangu, mbona haya masale yamenisogelea?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Mdomo ukaniponza.

"Shikamoo, Bibi. Kwani masale yana miguu? Macho ya uzee hayo!"

Akaenda kwa mjumbe wetu wa mtaa. Mjumbe akaja, akakuta masale mabichi yanachipua, akamwita mume wangu. Mume wangu ni mzee wa kanisa, neno lake halipingwi. Alisimama mbele ya majirani akasema, "Mpaka ni uleule tangu tuhamie. Mke wangu hawezi kugusa masale." Nami nilikuwa pembeni yake, natazama vidole vya miguu yangu. Kesi ikaisha. Kikabaki kicheko. Watoto wakawa wanamwimbia njiani, "Bibi, kimbia, masale yanakuja!" Habari zikamfikia mwanawe Dar es Salaam, naye akaamua mama akili zimeanza kuruka, hafai kuishi peke yake. Shule zikifungwa anakuja kumchukua.

Wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa nakusanya mayai, nilisikia mkongojo mlangoni. Bibi ameshika jani la isale, amelifunga fundo. Mae! Kwetu anayekuletea isale anakuomba msamaha, na huruhusiwi kumkatalia.

"Mwanangu, nilikusingizia," akasema. "Kumbe kilichotembea ni akili yangu. Nisamehe kabla sijaondoka. Na nikiondoka, uniangalizie mpaka wangu."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Nimekusamehe, Bibi." Mimi! Eti mimi ndiye nimemsamehe!

Tangu siku hiyo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilichosimamia. Nawafokea watoto bure, mayai nayakusanya mara mbili kwenye viota vilevile. Nikisema kweli, banda linavunjwa, na kuku hao ndio wanaotulisha. Mume wangu aliyenitetea mbele ya watu atatazamwaje kanisani? Nikinyamaza, mwanamke mwenye akili timamu kuliko mimi anakwenda kufia kwenye chumba cha ugenini akiamini amerukwa na akili. Na nyumba yake anaiacha, alipozaa na kuzika.

Jani nimelificha chini ya trei la mayai. Kulitupa naogopa, kulitazama siwezi.

Jana nilimwona Bibi amesimama pale penye maranda, mpaka ulipokuwa. Anakanyagakanyaga chini kwa mguu mmoja, taratibu, kama anayepapasa kitu. Aliponiona akacheka kwa aibu. "Usinijali, mwanangu," akasema, "uzee huu." Akajikokota kurudi ndani.

Nitukaneni, nimestahili, ila mkimaliza kunitukana nishaurini. Nianzie kwa mume wangu, kwa mjumbe, au kwa Bibi mwenyewe? Na mtu aliyepokea isale ambalo yeye ndiye aliyepaswa kulipeleka, akienda kuomba msamaha anashika nini mkononi?