Marejesho ya Verna

Kwa miaka thelathini na moja Verna Lahti alitia sahihi pale mumewe alipomwonyesha kwa kidole. Roy ndiye aliyejaza fomu za kodi, na marejesho, ile kodi iliyokatwa zaidi ambayo serikali huirudisha, yaliingia akaunti ya Roy. Hata baada ya talaka, akiwa keshahamia kwa mwanamke mwingine, bwana huyo alipiga simu: "Wewe acha kila kitu kama kilivyo. Pesa zikiingia kwangu nitakugawia." Atamgawia! Jasho la Verna, mpishi wa shule anayelisha watoto mia nne kila siku, halafu agawiwe!

Jumamosi moja ya Februari akaenda maktaba, ambako wastaafu huwajazia watu fomu bure. Akaketi mbele ya mzee Orrin, mwalimu wa zamani wa hesabu. Kazi ikaenda vizuri mpaka ukurasa wa mwisho.

"Pesa ziingie akaunti ile ile ya mwaka jana?" mzee akauliza. Kompyuta ilikuwa imeshaijaza yenyewe.

Verna nusura aseme ndiyo. Mazoea mabaya, jamani! "Weee, hapana! Hiyo ya Roy. Futa!"

Akatoa kikaratasi cha kuwekea pesa benki. Mzee akatikisa kichwa.

"Siyo hiki, mama. Namba ya benki humu huenda ni nyingine. Nipe hundi, namba sahihi zimechapwa chini yake. Fomu ikishakwenda, mimi siwezi kuirekebisha."

"Hundi sina. Akaunti yenyewe nimefungua juzi."

"Basi benki wakuandikie hizo namba. Ila wanafunga saa sita."

Zilibaki dakika nane. Verna akavuka barabara mbio, koti wazi, theluji ikimwingia viatuni. Karani alikuwa tayari ameshika ufunguo.

"Dada, usinifungie! Nataka namba zangu tu!"

"Ingia, mama, usije ukaanguka hapo," karani akasema huku akicheka, akamwandikia.

Aliporudi maktaba, Verna akazisoma mwenyewe, tarakimu moja moja, kisha akamlazimisha mzee azirudie zote. Mara mbili.

"Ningepata wanafunzi kama wewe!" mzee akasema.

"Sifa baadaye, mzee wangu. Tuma."

Wiki ya tatu baada ya hapo, Verna akiwa jikoni shuleni, simu ikalia. Roy.

"Verna, mbona mwaka huu marejesho yanachelewa? Naangalia kila siku, hayajaingia."

"Yameingia tangu jana, Roy," Verna akasema, kwa sauti ya kusikika jiko zima. "Yameingia kwangu."