Dawa ya Meno ya Baba

Baba alinipiga kofi nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya bomba la maji, kwa sababu ya dawa ya meno.

Sisi wa Rhotia tuliokulia maji ya kisima kile cha zamani tuna meno ya kahawia. Si uchafu. Ni madini ya maji, yaliingia kabla meno hayajaota, na hakuna mswaki wa kuyatoa. Ujanani baba alimvunja mtu taya kilabuni kwa kumwita "meno kutu". Mimi shuleni niling'ata wawili kwa neno hilohilo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Uzeeni fizi zake zikashuka, mizizi ikabaki wazi. Chai ya moto ilimtoa machozi, makande akawa anayameza mazima. Daktari wa meno pale Karatu alituambia waziwazi: mzee asiguse dawa ya kung'arisha, ina chenga zinazokwangua mizizi. Atumie ile ya meno yanayokufa ganzi, na mswaki laini, asije akapoteza hata hayo machache yaliyobaki. Nikanunua. Siku ya mnada baba naye akanunua yake, ya kung'arisha, kwa mmachinga mwenye kipaza sauti.

Nilimkuta bombani anasugua kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Damu ilimchuruzika kidevuni ikidondokea shati la kanisani.

"Baba, acha!"

"Toka hapa!"

Nikamkamata mkono. Ndipo likaja kofi, sikio likavuma. Sikungoja la pili. Nilimbana ukutani, mzee wa watu, nikaupinda ule mkono mpaka mswaki ukaanguka. Akanyakua kikombe kwa mkono wa pili akanirushia, kikanipasua juu ya jicho. Nikaikanyaga tyubu yake kwa kisigino hadi ikapasuka, dawa ikaturukia miguuni. Nilikuwa na hasira ya kuua, na yeye pia. Jirani alichungulia juu ya ua, akaona damu, akarudi ndani kwake.

"Meno meupe ya nini umri huu?" nikafoka. "Unaoa?"

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akahema, akatema damu kwenye vumbi.

"Sikununua kwa ajili yangu," akasema. "Nilitaka nijaribu kwangu kwanza. Ikitoa, nikupe wewe. Tangu uko mdogo hujawahi kucheka bila kuziba mdomo. Na maji yale nilikunywesha mimi."

Nikafungua mdomo nimjibu, na mkono wangu ukapanda wenyewe, ukaufunika.