Ng'ombe Niliowapeleka Kituoni

Shahada yangu ya kwanza ni ya upolisi. Nimeikana miaka mingi. Watu wakiniuliza nilisomea nini, husema sayansi ya jamii, nao hunionea huruma na kubadilisha mazungumzo, jambo ambalo ndilo ninalolitaka.

Nilikuwa likizo ya mwaka wa pili, nyumbani Mchombe, ng'ombe walipoingia shamba la mama. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Ndio uliokuwa chakula chetu, na ndio uliokuwa ada yangu. Asubuhi tulikuta tope na mabua. Mama hakulia. Yeye na majirani waliwaswaga ng'ombe hadi uani, akaziba mlango kwa miiba, akavuta kigoda kumsubiri mwenyewe. Kwetu ndivyo ilivyo: mwenye ng'ombe atakuja, mtakaa na wazee, atakubali kutoa magunia, ndipo atafunguliwa mifugo yake.

Nikatokea mimi na elimu yangu.

"Mama, hivi ni vielelezo vya kesi. Vinatakiwa kituoni."

"Hawa ni ng'ombe," alisema mama. "Au vielelezo ndivyo vilivyokula mpunga wangu?"

Jirani yetu, mzee wa rika la babu, akanivulia kofia. "Shikamoo, afande!" Ua mzima ukacheka. "Ukiwatoa hawa, mama yako harudishiwi hata mkia."

Niliwahutubia juu ya kujichukulia sheria mkononi. Niliwahutubia hadi kuku wakaondoka. Mama, aliyeuza mpunga ili niyajue maneno hayo, alinitazama kidogo, kisha akaisogeza miiba. Nikawaswaga ng'ombe mwenyewe mpaka kituoni, na nilipofika nikamsahihishia askari wa zamu namna ya kuandika maelezo. Chuoni nilisimulia darasa zima. Mhadhiri alinipigia makofi. Hata leo hasira inanichemka, na sijui nimmwagie nani kwanza, yule mhadhiri, kile kituo, au yule msichana niliyekuwa mimi, aliyesimama mbele akitabasamu.

Mpelelezi wa kesi yetu alipiga simu nikiwa kwenye foleni ya chakula.

"Dada, wale ng'ombe tumemrudishia mwenyewe. Kituo si zizi, nani atawalisha?"

"Na kesi?"

"Kesi gani tena, dada? Bwana shamba hakuja kukagua hasara, mvua imeshafuta nyayo, ng'ombe ndio hao wameenda. Halafu yule mwenye ng'ombe ni mtu wetu, gari likikosa mafuta ndiye tunayemkimbilia. Mwambie mama asamehe tu."

"Mama yangu atakula nini?"

"Aah, usifike huko. Wewe ni mwenzetu bwana, utaelewa."

Vifungu vyote vya sheria ya ushahidi nilikuwa navyo kichwani, vimepangwa tayari kwa mtihani. Nyuma yangu mtu alinisukuma nisogee mbele na sahani yangu.

"Sawa, afande," nikasema.